Koki ya Nje

Redio anasema hakuota wala hakuwa amekunywa kitu. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi baiskeli mwenye kitambi na maneno mengi, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Lakini jioni ile, anaapa, hata yeye sauti ilimkauka.

Anasema jua lilikuwa halijazama. Alikuwa nje anajaza upepo gurudumu la mteja, akaona maji yanatoka chini ya mlango wa mbele wa nyumba ya Sindano. Hayakutoka kwa fujo. Yaliteremka ngazi moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu mwenye magoti mabovu. Akajua bomba limepasuka. Akaparamia ukuta, "mimi na tumbo hili, niamini tu," akaangukia upande wa pili, akagonga mlango. Hodi! Kimya. Hodi wenyewe! Ndipo akasikia kutoka ndani sauti ya mwanamke. Si sauti ya kushtuka wala ya kuomba msaada. Sauti ya mtu aliyeinama, mikono imejaa kazi.

"Nakuja."

"Basi nikangoja," Redio anasema. "Mtu akishakwambia nakuja, utamvunjia mlango? Nikasikia kitu kizito kinaburutwa. Nikasikia kabati linafunguliwa, linafungwa. Halafu taa ya jikoni ikazimwa, tap! Nikajisemea, haya, mwenyewe yupo, anashughulika, mimi ninajipendekeza nini? Nikarudi kwangu. Asubuhi naamka, maji yamefika barabarani."

Asubuhi hiyo aliita vijana wawili wa gereji. Wakafunga koki kubwa ya maji pale nje karibu na geti, wakaenda mlango wa mbele. Umekomewa kwa ndani. Wa nyuma vilevile. Wakauvunja. Vyumba vyote wakapita, maji yakiwafika vifundoni, wakiita mama, mama. Hakukuwa na mtu. Hata kandambili zake hazikuwepo.

Sindano aliisikiliza hadithi hiyo akiwa amesimama getini, mtoto mchanga kifuani, mkono mmoja ukishikilia tumbo pale aliposhonwa. Mumewe alikuwa anashusha mabegi kwenye gari la kukodi.  Sindano aliuliza kitu kimoja tu.

"Sauti ilitokea upande gani wa nyumba?"

Redio akakuna shingo. "Chumba cha nyuma."

"Asante, jirani."

Chumba cha nyuma ndicho alichokuwa amekiandaa kwa ajili ya mtoto.

Jina la Sindano lilimpata kwa wembamba wake na kwa kazi yake ya cherehani. Ni mtu wa kutazama. Mteja akiingia, kabla hajaeleza anataka gauni la namna gani, Sindano ameshaona bega lipi limeshuka. Aliolewa na dereva wa malori ya masafa, mtu wa watu, mcheshi, asiyependa kusoma karatasi ndefu. Miaka miwili nyuma walichukua mkopo wa benki wakanunua nyumba hii, vyumba vitatu na kibaraza, iliyokuwa inauzwa na benki hiyohiyo. Mimba ilipofika mwishoni mambo yakaharibika. Akapasuliwa. Mama yake akamchukua mji mwingine akamuuguze huko, na mumewe akawa anatoka safari moja anaingia nyingine, analala ndani ya lori. Nyumba ikafungwa zaidi ya mwezi mzima.

Lakini ikafungwa vipi, na huku Redio alikuwa anapiga simu?

Alimpigia mume: "Kaka, mgeni wenu mchapakazi! Taa inawaka jioni, mapazia yanafunguliwa." Dereva, yuko njiani, akafurahi, akajua mkewe amempa mdogo wake ufunguo akalinde nyumba. Hakuuliza. Alimpigia na mke, kumpongeza kwa mtoto: "Na huyo mama wenu anafagia, jamani, simwoni ila namsikia." Sindano akajua ni wifi yake, dada wa mumewe, ameingia jikoni kwake kupanga masufuria upya. Roho ikamuuma kidogo, ila akanyamaza. Nani anaanza ugomvi na wifi akiwa kitandani na nyuzi tumboni? Kila mmoja akamwachia mwenzake shukrani za kutoa. Simu zenyewe zilikuwa za kuuliza mtoto ananyonya, mtoto analia. Mgeni hakutajwa.

Siku iliyofuata baada ya kurudi wakakutana kwenye ile nyumba na mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na kampuni ya bima. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, amevaa buti za mpira na amening'iniza miwani kifuani kwa kamba ya kiatu. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza kama daktari. Plasta ilikuwa imevimba hadi usawa wa goti. Milango ya mbao imejaa maji, haifungi. Dari la ukumbini, pale bomba lilipopasukia, lilikuwa limeshuka kama tumbo la ng'ombe.

"Tuanze na mnachokijua," alisema. "Bima yenu ni ya nini?"

"Ya kila kitu," Dereva akajibu.

"Hakuna bima ya kila kitu, kaka. Benki ilipowapa mkopo iliwataka mkate bima ya jengo. Jengo ni nini? Siku mkihama, mnachopakia kwenye gari si jengo. Mnachokiacha ndicho jengo."

Sindano akaitazama cherehani yake. Ilikuwa chini, kutu imeshaanza kwenye pedali. "Na hii?"

"Utaipakia?"

"Naipakia."

"Basi haimo, dada. Hiyo ingekuwa bima ya vilivyomo, na hamkuichukua."

"Ngoja kwanza," Dereva akasema, akainua kidole. "Mimi kila mwezi nakatwa bima mbili. Mbili! Ya pili ni ya nini?"

"Ya mkopo. Ukifariki inamalizia deni, mkeo asisumbuliwe."

"Kwa hiyo bomba likipasuka ninywe sumu?"

"Hata ukinywa, bomba hailigusi."

Sindano akacheka, akashika tumbo, akamwomba mumewe aache. Hata yule mama wa bima alitabasamu. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko cha mwisho ndani ya nyumba hiyo kwa muda mrefu.

Akawaeleza mengine akitembea. Kwamba kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye nyumba hujibebea mwenyewe, kampuni inaanzia pale bega lake linapoishia. Kwamba mnufaika wa kwanza ni benki. Fidia ikitoka inapita kwao kwanza, ndipo waseme haya, fundi alipwe. "Nyumba yangu, mafuriko yangu, wa kwanza wao?" Dereva akanung'unika. Na kwamba madai yakikubaliwa, kampuni inawalipia makazi ya muda mpaka kuta zikauke. Hilo Sindano alilishika. Vyumba viwili vikavu mahali popote, yeye na mtoto. Usiku kucha kwenye nyumba ya wageni alikuwa amesikia mtoto anapiga chafya.

Mkadiriaji akavaa miwani. "Sasa lipo moja linaloangusha wengi. Nyumba isipokaliwa zaidi ya mwezi mfululizo, na sisi hatujajulishwa, maji ya bomba hatulipi. Mwenyewe akiwepo anaona doa darini mapema, anaita fundi. Nyumba tupu haina wa kuona. Mlikuwa wapi?"

"Mke wangu alikuwa anajifungua," Dereva akasema. "Lakini haikuwa tupu. Shemeji yangu alikuwa anakaa."

Sindano akamgeukia. "Shemeji yako nani?"

"Mdogo wako."

"Mdogo wangu yuko chuo, hajafika hapa tangu mwaka jana. Si ulimleta wifi?"

"Wifi yako ana watoto wanne na mume mkali, atatoka vipi? Wewe si ndiye uliyempa mtu ufunguo?"

"Ufunguo wangu huu hapa." Akautoa kwenye mkoba wa nepi.

Dereva akatia mkono mfukoni polepole, akatoa wake. Wakabaki wanaangalia funguo mbili kama watu walioitiwa polisi. Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani ndani ya ukuta, tone, tone.

Sindano alitegemea mkadiriaji afunge begi lake. Badala yake mama yule akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi naamini mtu alikuwepo. Njooni niwaonyeshe."

Akawaonyesha swichi kuu ya umeme ukutani. Haikuruka yenyewe, imeshushwa kwa mkono, na maji hayakuifikia. Akawaonyesha godoro la chumbani, limekunjwa, likafungwa kwa mkanda wa kanzu ya nyumbani, likasimamishwa juu ya meza. Akawapeleka chumba cha nyuma. Kule nguo zote za mtoto, nepi, shuka ndogo, kofia alizofuma bibi yake, zilikuwa juu ya kabati, zimepangwa kwa ukubwa, kavu kabisa. Sindano alikuwa ameziacha kwenye beseni sakafuni.

Akavuta kiti akapanda ili azione vizuri. Hakuzigusa. Kila nguo ilikuwa imekunjwa mara tatu kisha kingo zikaingizwa ndani, hivi kwamba hata ukiirusha haikunjuki. Yeye hakunji hivyo. Wifi hakunji hivyo. Aliwahi kuona kitu cha namna hiyo mahali pamoja tu, wodini alikolazwa, kwenye rafu ya shuka. Na hapo juu, karibu na dari, kulikuwa na harufu, si ya unyevu. Harufu kali, safi, ya dawa ya kufutia sakafu hospitalini.

"Kwenye kazi yetu," mkadiriaji alikuwa anasema, "mwenye bima ana wajibu wa kupunguza hasara. Maana yake, likitokea, usikae ukasema bima italipa; okoa unachoweza. Huyu aliokoa vizuri kuliko wateja wangu wengi. Umeme kwanza, kisha godoro, kisha vitu vya mtoto. Ana akili ya dharura. Kitu kimoja tu kinanikwaza."

"Kipi?" Dereva akauliza.

"Koki. Koki kubwa iko nje, karibu na geti. Angeifunga, haya yote yasingekuwepo; ni kutoka mlangoni, hatua chache, basi. Mtu anayejua kuzima umeme hajui kufunga maji? Na komeo lilikuwa upande wake. Mlango ulikuwa wake kufungua." Akatikisa kichwa. "Alifanya yote ya ndani. La nje hakulifanya."

 Sindano akamhamisha mtoto bega la pili ili apate cha kufanya.

"Basi nipeni jina lake," mkadiriaji akasema. "Nimwite ofisini, anieleze, atie sahihi kwamba alikuwa anakaa humu. Hapo nyumba ilikuwa na mkaaji na madai yenu yanasimama. Ila awe alikaa kwa ruhusa yenu. Aliyejiingiza mwenyewe hahesabiki kuwa mkaaji, huyo ni mvamizi, na uvamizi una sura yake nyingine kabisa. Na tafadhali, msinidanganye. Taarifa ya uongo haifuti madai haya tu, inafuta bima nzima. Nakwenda kuipiga picha hiyo koki. Zungumzeni."

Buti zake ziliposikika kwenye changarawe, Dereva alimshika mkewe kiwiko.

"Tunamtaja dada yangu."

"Baba mtoto."

"Nisikilize, mama. Nampigia sasa hivi. Yeye anasema alikuwepo, Redio anasema alisikia sauti ya mwanamke. Uongo uko wapi? Mwanamke si alikuwepo?"

"Nani?"

"Mimi nitajuaje nani! Mwizi. Kichaa. Mtu asiye na kwao, ameona nyumba imefungwa. Ameshaondoka zake."

"Ameondokea wapi? Milango yote miwili ilikomewa kwa ndani."

"Dirishani."

"Madirisha yana nondo."

Dereva akafumba macho, akavuta pumzi kama anayepanda mlima na mzigo. "Mke wangu. Tukikosa fidia, kuta hizi nazikausha na nini? Benki haijui maji. Benki inajua mwisho wa mwezi. Tukiteleza mara mbili tatu wanaichukua, wanaiuza, kama walivyomuuzia aliyekuwa humu. Unataka hivyo?"

Sindano akamfunika mtoto kichwa. Akatoka na mtoto kupitia mlango wa nyuma uliovunjwa, akazunguka mpaka kwenye ukuta wa jirani. Redio alikuwa upande wake, amekaa juu ya ndoo, anajifanya anaziba pancha. Gurudumu halikuwa na pancha.

"Jirani. Ile sauti uliijua?"

"Sauti ni sauti tu, mwanangu."

"Nakuuliza kwa wema. Uliijua?"

Redio aliweka gurudumu chini. Kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa huo, alizungumza kwa sauti ndogo hata Sindano akalazimika kuinamisha sikio juu ya ukuta.

"Ilikuwa sauti ya Nesi."

Nesi ndiye aliyekuwa na nyumba kabla yao. Mjane, nesi mstaafu, mtoto wake mmoja. Aliiweka nyumba rehani apate mkopo wa kumtibu huyo mtoto, mtoto akafa, mkopo ukabaki. Hakuwa mtu wa vurugu. Barua zilipokuja alizisoma kibarazani, akazikunja vizuri, akarudi ndani. Alipoona mwisho umefika akaacha kabisa kutoka. Alimwambia Redio dirishani kwamba akivuka kizingiti tu, hawatamruhusu kurudi, basi yeye hatavuka.

"Halafu?"

"Halafu wakaja wenye karatasi. Vitu niliviona vikitolewa. Kitanda, kabati, friji. Wakafunga, wakapiga kufuli lao."

"Na yeye?"

Redio alitazama mikono yake iliyojaa grisi. "Yeye sikumwona akitoka."

"Hukuuliza?"

"Nilimuuliza mwenye kufuli. Akasema, mzee, nyumba tupu, tumeandika tupu. Nikasema basi ni tupu. Watu wakaanza kusema amekwenda kwa ndugu zake, na mimi nikawa nasema hivyohivyo. We, ungesemaje?" Sauti ikaanza kumrudi. "Na nilipoona taa kwenu nilijua ni mgeni, wallahi! Mpaka aliposema lile neno. Nilijua hapohapo. Unadhani kwa nini nilirudi kwangu nikajifungia?"

Sindano alisimama pale mpaka mtoto akaanza kuhangaika. Kichwani mwake aliziona nguo ndogo juu ya kabati, kingo zimeingizwa ndani. Mtu ambaye hakuweza kutoka hatua chache kuiokoa nyumba, akatumia nafasi aliyokuwa nayo kuokoa kofia za mtoto wa watu.

Aliporudi ukumbini mkadiriaji alikuwa ameshafungua jalada lake, na Dereva ana simu sikioni, anamnong'oneza dada yake. Alipomwona mkewe akakata.

"Haya, dada," mkadiriaji akasema. "Alikuwa nani?"

Dereva akafungua mdomo. Sindano akamwahi.

"Alikuwepo mtu. Si wetu."

"Mlimpa ruhusa?"

"Hatukumpa."

"Mama mtoto!" Dereva akasema.

Mkadiriaji aliinua macho kwa Sindano. "Unajua ninachotakiwa kuandika nikisikia hivyo."

"Najua, mama. Nilikuwa nakusikiliza."

"Nyumba haikuwa na mkaaji wenu. Maji hayalipwi. Makazi ya muda pia hakuna."

"Andika. Ila usiandike tupu. Andika palikuwa na mtu."

"Kwa madai yenu haibadilishi chochote."

"Haidhuru. Waliandika tupu mara moja. Na mimi nikimtaja wifi nitakuwa nimemkalisha mtu mwingine juu yake, naye yumo anasikia."

Dereva aliketi kwenye ngazi, kichwa mikononi. Mkadiriaji hakuuliza nani anasikia. Alikuwa ameingia nyumba nyingi zenye hasara katika maisha yake, na huenda hii haikuwa ya kwanza kumfanya avute koti kifuani kama aliyepigwa na baridi. Aliandika mstari mmoja, mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika, akaupuliza wino. Mlangoni akageuka.

"Bima yenyewe bado ipo. Moto, radi, wizi, bado mnalindwa. Lakini kuanzia leo mtu wenu alale humu. Mkiiacha tena, na hiyo mtaipoteza, na benki ikijua nyumba haina bima ina haki ya kudai mkopo wote. Mnanielewa? Isikae bila mtu."

Barua ya kukataliwa ilikuja kama alivyosema. Dereva hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alifanya kibaya zaidi, aliacha kufanya mzaha. Aliomba safari ndefu, zile zinazolipa, akalipata lori la kwenda mbali. Alirudishia mlango wa nyuma, akavusha kitanda sehemu isiyo na ukungu, akamnunulia mkewe jiko jipya la mkaa la kukaushia kuta.

"Twende wote mpaka nyumbani kwa mama yako," alisema siku ya kuondoka, amesimama nje ya kizingiti, haingii. "Nitamlipa kijana wa gereji alale hapa."

"Utamlipa na nini?"

Dereva akageuza funguo za lori mkononi. "Utaweza?"

"Kwani nina nyingine?"

Akambusu mtoto utosini, akapanda lori. Lilipopinda kona, Redio naye aliingiza baiskeli zake ndani, ingawa mchana ulikuwa bado mkubwa, akafunga dirisha la upande huo.

Sindano akaingia, akafungua madirisha yote. Nyumba ilinuka chokaa mbichi na vumbi lililoloa. Akawasha jiko kibarazani hadi makaa yakashika, akaliingiza ukumbini, akaliacha dirisha wazi moshi utoke. Akafagia ukumbi. Akafagia chumba chao. Alipofika kwenye chumba cha nyuma ufagio ukamgandia mkononi, kwa sababu sakafu kule ilikuwa imeshafagiwa, na taka zimekusanywa karibu na mlango, upande wa ndani, zinasubiri mtu wa kuzitoa nje.

 Miguu ilitaka geti. Lakini geti lilikuwa na barabara, na barabara haikuwa na mahali pa kumfikisha, na mtoto alikuwa ameanza kulia ile njaa yake ya alasiri. Akapiga moyo konde. Akachukua kizoleo, akazizoa zile taka, akatoka nazo mpaka kwenye pipa karibu na geti, akazimwaga, akarudi. Kazi hiyo ndogo ilimpa nguvu kidogo. Akanawa mikono, akamwinua mtoto, akaenda akasimama katikati ya chumba cha nyuma. Kiti kilikuwepo, kikavu, kimewekwa karibu na dirisha mahali penye mwanga mzuri wa kunyonyeshea. Hakukiweka yeye.

"Mama," akasema. Sauti ilitoka nyembamba. Akaanza upya. "Mama, shikamoo. Mimi ndiye niliyenunua. Karatasi waliyotuonyesha ilisema nyumba haina mtu, na sisi tukaamini, tukaingia na vitu vyetu bila kukuuliza. Nguo za mtoto nimeziona. Asante sana. Mume wangu ni mtu mwema, anaogopa tu. Mimi nina mtoto huyu, sina kwingine pa kumlaza. Nje nitakuwa nakufanyia, lolote la nje, wewe niambie tu. Yule mama wa bima aliniuliza kama wewe ulikuwa na ruhusa yetu." Akamkumbatia mtoto vizuri zaidi. "Swali lenyewe aliligeuza; wa kuomba ni sisi. Naomba mimi. Naomba ruhusa yako tukae."

Akasikiliza. Makaa yalipasuka kidogo kule ukumbini. Pazia lilijaa upepo, likalegea. Mtoto alikuwa ameacha kulia, anatafuta titi kwa mdomo, na maziwa yalikuwa yameshalowesha blauzi, lakini Sindano alibaki amesimama kando ya kile kiti, hajakigusa, maana nyumbani kwa mtu huketi mpaka ukaribishwe.